Kuti kavu juu ya barafu

Kocha wa makipa hafukuzwi. Kocha mkuu akifungashiwa virago naye anaondoka, bila barua wala kikao, kwa sababu "benchi la ufundi limevunjwa". Nimekaa kwenye mabenchi ya namna hiyo, timu za mtaani na za Ligi ya Mkoa hapa Mtwara, na nimevunjwa pamoja na makocha wazuri na wabovu bila ubaguzi. Kwa hiyo mtu akiniuliza mkazi wa Chikongola anatafuta nini kwenye hoki ya barafuni, namjibu kwamba sijaona mchezo mwingine unaoonyesha waziwazi namna hii jinsi kibarua cha kocha mkuu kinavyoshikiliwa na mikono ya mtu mmoja, ambaye kocha mwenyewe mara nyingi hajui hata namna ya kumfundisha.

Niliuanza kuufuatilia kwa sababu ya korosho. Msimu wa minada nafanya kazi ya usiku kwenye ghala, na bando la usiku ni la bei nafuu. Mechi inayoanza saa moja jioni New York wakati wa baridi yao, huku kwetu ni saa tisa usiku. Saa hiyo hakuna Simba wala Yanga. Kuna popo, kuna mlinzi mwenzangu anayekoroma, na kuna Wakanada wanaoteleza kwenye viatu vyenye vyuma chini. Barafu niliyoizoea mimi ni ile ya Feri, inayopondwa na kumwagwa juu ya changu na jodari. Kuona watu wanalipwa mamilioni kukimbia juu yake kulinifanya niangalie usiku wa kwanza. Makipa ndio waliofanya niendelee.

Kwa asiyeujua mchezo: uwanja una urefu wa futi 200 na upana wa futi 85, umezungushiwa ukuta, na mpira si mpira bali ni kisahani kigumu cha gramu 170 hivi, kinachopigwa kwa fimbo, na kinachogandishwa kabla ya mechi ili kisidundedunde. Wanacheza vipindi vitatu vya dakika 20. Uwanjani kila timu ina watu sita, kipa akiwemo. Kocha anavalisha wachezaji 18 wa ndani na makipa wawili, na hao 18 anawaingiza kwa zamu fupi sana, sekunde 45 hivi, wanaruka ukuta kuingia na kutoka huku mchezo ukiendelea. Hakuna kibao cha kubadilisha wala mwamuzi wa akiba. Kocha anasimama nyuma ya benchi na suti yake, anamgusa mtu bega, anataja jina, na kundi zima linaingia. Mchezo ukisimama, timu mwenyeji ndiyo yenye haki ya kubadilisha mwisho, kwa hiyo kocha wa nyumbani anaona kwanza mwenzake kaingiza nani, kisha anachagua wa kumkaba. Ukimwangalia kocha hodari kwa nusu saa utaona kwamba mechi nzima ni hesabu ya nani yuko uwanjani dhidi ya nani.

Halafu yuko kipa, ambaye hayumo kwenye hesabu hiyo. Haendi zamu. Anakaa dakika zote 60.

Hebu tupige hesabu yake. Timu ya NHL, ligi kuu ya hoki ya Marekani na Kanada, hupigiwa mashuti kama 30 kwa mechi. Kipa wa kawaida anaokoa kama asilimia 90, yaani anafungwa matatu. Kipa mzuri sana anaokoa asilimia 92. Tofauti ni vidole viwili tu, utasema. Lakini msimu una mechi 82, mashuti zaidi ya 2,400, na hizo asilimia mbili zinageuka kuwa karibu mabao 50. Mabao 50 ndiyo umbali kati ya kocha anayeongezewa mkataba na kocha anayetafutiwa teksi.

Na teksi ipo kweli. Novemba 2016 Florida Panthers walicheza Raleigh, ugenini, wakapoteza, na kocha wao Gerard Gallant akafukuzwa palepale baada ya mechi. Picha iliyosambaa inamwonyesha nje ya uwanja na mizigo yake, yeye na msaidizi wake, wakipanda teksi wakati basi la timu linaendelea na safari. Msimu uliopita Gallant huyohuyo alikuwa ameifikisha Florida kileleni mwa kundi lake. Mwaka uliofuata alichukuliwa na Vegas, timu mpya kabisa iliyokusanya wachezaji walioachwa na wenzao, na mwaka wao wa kwanza akawapeleka fainali ya Kombe la Stanley, ambalo ndilo ubingwa wa NHL, 2018. Mlango wa timu hiyo ulilindwa na Marc-André Fleury, kipa ambaye Pittsburgh walimwachia baada ya kupata kijana mpya. Januari 2020 Vegas nao wakamtimua Gallant.

Nilipoiona picha ile nilimkumbuka kocha mmoja niliyemsindikiza stendi alfajiri, basi la Dar es Salaam. Timu yenyewe tuiache. Alikuwa na begi moja la nguo na gunia la koni za mazoezi alizozinunua kwa hela yake, na konda alitaka kulilipisha kama mzigo. Alikuwa mtu mwenye mpangilio. Mabeki wetu walikuwa hawajawahi kujua kusimama mstari mmoja mpaka yeye alipokuja. Ila alifundisha wiki zile ambazo kipa wetu wa kwanza alikuwa amevunjika kidole, na mlangoni tulikuwa na kijana wa sekondari ambaye krosi zilimtisha. Alipoondoka tu, kidole kikapona. Kocha mpya akashinda mechi zake za mwanzo, na kijiweni ikawa gumzo: yule bwana kaja na mbinu. Mbinu ipi? Mabeki walikuwa walewale, wamesimama mstari uleule waliofundishwa na aliyeondoka na koni zake.

Ndiyo maana habari ya St. Louis ya mwaka 2019 haikunishangaza. Novemba 2018 walimfukuza kocha Mike Yeo wakamweka Craig Berube kwa muda. Mwanzoni hakuna kilichobadilika. Asubuhi ya Januari 3, 2019, timu hiyo ilikuwa ya mwisho ligi nzima. Juni wakachukua Kombe la Stanley, la kwanza katika historia yao, kwa kuifunga Boston mechi ya saba, ugenini. Tangu hapo, kila kiongozi wa timu yenye hali mbaya anaitaja St. Louis. Dawa imethibitishwa: fukuza kocha, subiri kombe.

Wanachosahau ni Januari 7. Siku hiyo Berube alimpa mechi ya kwanza kuanza kipa aliyeitwa Jordan Binnington, mwenye miaka 25, aliyekuwa chini kabisa kwenye foleni ya makipa wa timu hiyo, mtu aliyezoea kucheza ligi za daraja la chini. Akamaliza bila kufungwa, tatu bila dhidi ya Philadelphia. Tangu hapo akawa kipa namba moja. Berube ni kocha mzuri, simnyang'anyi chake. Kumpa nafasi kijana wa mwisho kwenye foleni nayo ni kazi. Lakini Desemba 2023 St. Louis haohao walimfukuza na yeye, na nina hakika hakuwa amesahau kufundisha.

Anayenivutia zaidi ni Jon Cooper, kwa sababu hakuanza hata kuwa kocha. Alikuwa wakili Lansing, jimbo la Michigan, anatetea watu wasio na uwezo wa kulipa, na jaji mmoja akamwomba amsaidie kufundisha timu ya sekondari. Akakubali, akanogewa, akaacha mahakama. Akapita ligi za vijana, Texarkana huko kusini, kisha Green Bay, kisha Norfolk, ambako mwaka 2012 alichukua ubingwa wa ligi ya pili kwa ukubwa baada ya timu yake kushinda mechi 28 mfululizo. Machi 2013 akapewa Tampa Bay. Njia hiyo naielewa. Makocha wengi ninaowajua wamepanda hivyohivyo, kutoka shule ya msingi hadi kata, kutoka kata hadi wilaya, mishahara yao ikiwa nauli.

Mwaka 2019 timu ya Cooper ilishinda mechi 62 za msimu, sawa na rekodi ya ligi, halafu raundi ya kwanza ya mtoano ikatolewa na Columbus kwa nne bila. Mechi nne, kwaheri. Kipa wake Andrei Vasilevskiy, ambaye miezi michache baadaye alitajwa kipa bora wa msimu huohuo, alipitwa na mashuti ambayo msimu mzima alikuwa anayadaka kwa urahisi. Ingekuwa Kariakoo, Cooper asingefika uwanja wa ndege. Tampa Bay hawakumfukuza. Walifanya jambo gumu kuliko kufukuza: walikaa kimya. 2020 wakachukua kombe. 2021 wakalichukua tena, na mchezaji bora wa mtoano wa mwaka huo alikuwa Vasilevskiy.

Mtu atasema: mbona unawanyima makocha sifa? Nitajibu kwa Scotty Bowman, aliyezaliwa 1933 Verdun, Montreal, na ambaye hakuna aliyemfikia: makombe tisa akiwa kocha, ushindi 1,244 wa msimu wa kawaida. Alianza kufundisha mapema, baada ya kuumizwa kichwa na fimbo ya mpinzani akiwa kijana. Alipokuwa Montreal alikuwa na kipa Ken Dryden. 1973 wakachukua kombe. Msimu wa 1973/74 Dryden aligombana na timu juu ya mkataba, akaenda kufanya kazi ofisi ya mawakili Toronto, na Montreal ya Bowman ikatolewa raundi ya kwanza. Dryden akarudi, 1976, 1977, 1978 na 1979 makombe manne mfululizo. 1979 kipa akastaafu, kocha akaenda Buffalo, na miaka yote aliyokaa Buffalo hakugusa kombe.

Hapo naweza kuishia nikajiona nimeshinda hoja. Ila Bowman akaenda Pittsburgh akachukua la 1992, kisha Detroit akachukua matatu, na Detroit kila kombe lilikuwa na kipa tofauti: Mike Vernon 1997, Chris Osgood 1998, Dominik Hašek 2002. Mwaka 1997 Osgood ndiye aliyecheza mechi nyingi za msimu. Ulipofika mtoano Bowman akamweka Vernon, mzee, na hakuyumba. Hii kwangu ndiyo kazi ya kocha mkuu kwa kipa. Hawezi kumfundisha kupiga magoti wala kukata pembe, hiyo ni kazi yetu sisi wengine. Anachoweza ni kuchagua, na akishachagua, kusimama na mtu wake hata jukwaa likizomea.

Zamani walielewa hivyo kwa lazima, kwa sababu timu ilikuwa na kipa mmoja tu. Aprili 1928, mechi ya pili ya fainali, kipa wa New York Rangers alipigwa jichoni, na kocha wa wapinzani akakataa waazime kipa mwingine aliyekuwa jukwaani. Kocha wa Rangers, Lester Patrick, miaka 44, mwenye mvi, akavaa vifaa akaingia mlangoni mwenyewe. Akafungwa bao moja. Wakashinda 2-1 muda wa nyongeza, na mwishowe wakachukua kombe. Nimewasimulia makocha wangu wote kisa hicho, na wote wameniangalia kwa jicho la "usije ukanipa wazo".

Na Novemba 1, 1959, New York, kipa wa Montreal Jacques Plante alipigwa na kisahani usoni, akashonwa, akasema harudi uwanjani bila kinyago. Makipa wakati ule walicheza uso wazi. Kocha wake alikuwa Toe Blake, mkali, mwenye makombe, asiyetaka kinyago kwa sababu aliamini kinaondoa ujasiri na kumziba kipa macho. Lakini hakuwa na kipa mwingine. Plante akarudi na kinyago, wakashinda, na leo hakuna kipa duniani anayesimama mlangoni bila hicho kitu. Blake alimaliza kazi na makombe manane. La 1960, kipa akiwa amejifunika uso, ni mojawapo.

Sasa nifike Montreal ya miaka ya tisini, ambako nakaa sana kila nikikosa usingizi mchana.

Jacques Demers alikuwa dereva wa lori la Coca-Cola kabla ya kuwa kocha. Alifundisha Quebec, St. Louis, Detroit, mara mbili akachaguliwa kocha bora wa mwaka, na 1992 akapewa Montreal. Fainali ya 1993 walicheza na Los Angeles ya Wayne Gretzky. Mechi ya kwanza wakafungwa nyumbani. Ya pili wako nyuma 2-1, zimebaki dakika chini ya mbili, na Demers akamwita mwamuzi apime fimbo ya Marty McSorley, beki wa Los Angeles: imepinda kuliko sheria inavyoruhusu. Ingekuwa sawa, Montreal ndio wangeadhibiwa. Ikapimwa, imezidi. McSorley akatolewa dakika mbili, na hapo Demers akafanya jambo ambalo mpira wa miguu hauna mfano wake: akamtoa kipa wake, Patrick Roy, ili aongeze mshambuliaji. Lango tupu, sita dhidi ya wanne na kipa wao. Éric Desjardins akasawazisha, akafunga tena muda wa nyongeza. Montreal hawakupoteza mechi nyingine, wakachukua kombe. Roy mtoano ule alishinda mechi kumi mfululizo zilizofika muda wa nyongeza, na sidhani kama nitaona tena kitu hicho.

Mwaka 2005 Demers akaueleza ulimwengu kwamba miaka yote hiyo alikuwa hajui kusoma na kuandika vizuri. Utoto wake nyumbani kwa baba mlevi na mkatili ulimfanya ashindwe shule. Barua alikuwa anawapa wengine wamsomee, anasema amesahau miwani. Mtu aliyetaka fimbo ya adui ipimwe asingeweza kuisoma vizuri kanuni inayokataza fimbo iliyopinda kupita kiasi. Baadaye akateuliwa kuwa seneta wa Kanada, 2009. Nimefundishwa mpira na wazee wa Mikindani ambao sahihi yao ni dole gumba, na wanaposema kipa fulani anaogopa upande wake wa kushoto, sijawahi kuwaona wamekosea.

Oktoba 1995 Demers akafukuzwa, msimu ukiwa ndiyo umeanza. Akaja Mario Tremblay, ambaye hakupatana na Roy hata kidogo. Desemba 2 Detroit wakaja Montreal wakawapiga 11-1. Tremblay akamwacha kipa wake mlangoni mpaka akafungwa tisa, jukwaa la nyumbani likimpigia makofi ya kejeli kila alipodaka kitu chepesi. Alipotolewa mwishowe, Roy alimpita kocha, akamfuata rais wa timu aliyekaa nyuma ya benchi, akamwambia hiyo ni mechi yake ya mwisho Montreal. Siku chache baadaye alikuwa Colorado. Juni 1996 Colorado wakachukua kombe. Tremblay alidumu hadi 1997, na Montreal hawajalichukua kombe tangu lile la Demers. Kwenye benchi la wageni usiku ule wa 11-1, akitazama yote hayo, alikuwa amesimama Scotty Bowman.

Kama kuna video moja ningependa kila kocha mkuu wa mkoa huu aione, ni hiyo. Kipa anayefungwa anatolewa mapema ili kumlinda, au anaachwa kwa sababu unamwamini na umemwambia hivyo. Kumwacha ili aone aibu ni kitu kingine.

Afrika Mashariki mchezo upo, tena si mbali. Nairobi, kwenye hoteli ya Panari barabara ya Mombasa, kuna uwanja mdogo wa barafu ndani ya jengo, na hapo wanafanyia mazoezi Ice Lions. Uwanja ni mdogo kuliko ule wa kawaida, vifaa ni ghali na vya kipa ni ghali zaidi, na kocha aliyewalea muda mrefu ni Mkanada, Tim Colby. Mwaka 2018 walipelekwa Toronto wakacheza na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon pembeni yao. 2024 Kenya ikapokelewa kwenye shirikisho la dunia. Mtu wa Mtwara akitaka kuona barafu ya mchezo kwa macho yake, ni nauli ya basi na pasipoti.

Roy mwenyewe akawa kocha. Colorado walimpa timu 2013, akawa kocha bora wa mwaka msimu wake wa kwanza, na akajulikana kwa kumtoa kipa mapema kuliko makocha wengine, dakika tatu zikiwa bado, akitafuta bao la kusawazisha. Wenzake walimcheka kwanza, kisha wakamwiga. Januari 2024 New York Islanders wakamchukua katikati ya msimu, siku ileile walipomtimua aliyekuwepo. Kipa aliyeondoka Montreal kwa hasira akakalia kuti lilelile.

Sisi huku tunajiandaa na Ligi ya Mkoa. Kocha mkuu mpya ni kijana, ana leseni, na nilipomwonyesha mechi ya 11-1 kwenye simu aliitazama yote bila kusema neno. Jumapili kwenye kikao akamtaja kipa wake kabla hata hajataja nahodha.

"Mwalimu, na akifungwa matatu mechi ya kwanza?" mwenyekiti akauliza.

"Anadaka ya pili."

"Na akifungwa matatu ya pili?"

"Mzee wangu, basi tutazungumza habari za mabeki."

Mwenyekiti akanigeukia. "Na wewe kocha wa makipa unasemaje?"

Nikamwambia sina la kuongeza kwa Mwalimu, ila glovu za kipa wa pili zimechanika kiganjani tangu Ramadhani, na fundi viatu pale Soko Kuu amesema hazishoneki tena.